Doto anaongea, Kulwa haongei: wazazi wenzangu naombeni uzoefu wenu

Mvuvi wa Giza aliandika:

Wakuu habari za humu.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, niko kambini kisiwani huku upande wa Ukerewe. Familia iko Mwanza mjini, Igoma. Nyumbani narudi mbalamwezi ikishakuwa kubwa, maana mwezi ukiwaka ziwa zima dagaa hawana shida na taa zetu. Nakaa siku nane, kumi, giza likirudi naondoka. Naeleza hivyo ili mjue mwanangu namwona vipi. Simwoni kila siku, namwona kwa vipande.

Nina mapacha, Kulwa na Doto, wavulana wote, miaka miwili na miezi kumi. Kila nikirudi Doto ananipokea na maneno mapya. Safari iliyopita alinisimamia mlangoni akaniuliza, "Baba umechelewa, mtumbwi umeharibika?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kulwa alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Akanishika kidole akanivuta ndani. Basi. Mwezi wa nyuma hivyohivyo, na ule wa nyuma yake hivyohivyo. Mama yao anayeshinda naye anasema anaendelea vizuri tu. Mimi ninayeondoka na kurudi naona mmoja kapanda kilima, mwingine yuko palepale nilipomwacha.

Si mtoto mzito. Nikishona nyavu ananiletea sindano na anaishika upande unaotakiwa. Akitaka kitu anakuonyesha kwa kidole, anakuangalia usoni kama umeelewa, au anamtuma Doto. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Anamwangalia Doto tu, Doto anageuka anasema, "Kulwa anataka uji." Na kweli anataka uji. Nyumba nzima tumeshazoea kwamba Doto ndiye msemaji wa familia.

Walipopelekwa kupima uzito mama yao aliuliza. Akajibiwa kwamba mapacha huchelewa, na wavulana ndiyo kabisa, asubiri. Jirani anasema tumewachanganya lugha, tuache Kisukuma, kwa sababu tunaishi na mama yangu mzazi na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu. Mke wangu ni Mhaya, kwa hiyo mimi na yeye ni Kiswahili. Shangazi naye anasema ni udata, akatwe chini ya ulimi. Kila mtu ana lake.

Nilimwomba mke wangu aniandikie maneno yote anayosema Kulwa. Nayaweka kama alivyoyatuma:

mi – mimi. Anasema Doto akipewa kikombe.
yaya – anamwita dada wa kazi.
goko – sijui, ni akiwa uani.
buli – akiwa anachungulia getini. Hatuna buli nyumba hii.
beja – nadhani "basi".

Matano. Ya Doto sijui hata nianzie kuhesabu wapi. Wenye uzoefu mnasemaje, nisubiri? Mwezi unaanza kukua, kama siku tano hivi nitakuwa nyumbani. Nataka nikifika nijue pa kuanzia.

Kaka Pasiansi aliandika:

Mkuu subiri tu. Wa kwangu aliongea ana miaka minne, sasa hivi tunamwomba anyamaze. Ila zimeni katuni.

Binti Makoroboi aliandika:

Shangazi yako yuko sahihi. Mpelekeni wamwangalie ulimi, na wakati huohuo wamkate kimeo. Dada yangu wa Sengerema alifanya hivyo, mtoto akafunguka.

Ngosha Halisi aliandika:

Mvuvi, wewe ni Msukuma wa kuzaliwa au wa kuazima?

Soma tena hiyo orodha kwa sauti. Goko ni ngoko, kuku. Ndiyo maana anasema uani. Buli ni mbuli, mbuzi, nina uhakika kuna mbuzi wa jirani anapita hapo getini. Beja ni wabeja, mtoto anashukuru na nyie mnadhani anasema basi. Na yaya, ndugu yangu, yaya! Mtoto anakataa! Anawaambia hapana kila siku, nyie mnamwitia dada wa kazi. Dada naye anakuja mbio.

Hiyo "mi" nakuachia mwenyewe.

Mvuvi wa Giza aliandika:

Minzi.

Anaomba maji. Doto akipewa kikombe, na yeye anaomba maji.

Wakuu, mimi ni mtu wa Magu. Nimekunywa minzi kabla sijanywa maji. Orodha nimeinakili kwa mkono wangu, neno kwa neno, na sikuona. Nilikuwa nasoma kwa macho ya mke wangu, na yeye Kisukuma hakijui, hana kosa. Sasa nakumbuka mara ngapi amesema "mi, mi" nikamwambia subiri zamu yako.

Nesi Mstaafu aliandika:

Nimefuatilia. Kabla hamjasherehekea Kisukuma nina swali moja kwa baba mtoto. Huyo mama yako mzazi, anasikia vizuri?

Mvuvi wa Giza aliandika:

Shikamoo mama. Hapana, hasikii vizuri, ni miaka sasa. Umejuaje? Akiongea mtaa mzima unajua tunapika nini. Watoto akiwaita anawashika kichwa anaongea karibu kabisa na sikio, ndivyo alivyozoea kuongea na kila mtu.

Nesi Mstaafu aliandika:

Marahaba mwanangu. Sijajua, nimekisia, na inawezekana nimekosea. Ila angalia mwenyewe. Nyumbani kuna watu wazima watatu wanaoongea Kiswahili: mama, dada wa kazi, na wewe unapokuwepo. Anayeongea Kisukuma ni mmoja. Mtoto ana maneno matano na yote matano ni ya yule mmoja. Doto je, si anaongea Kiswahili? Wamekula chungu kimoja. Kilichonipa wasiwasi si kwamba Kulwa hajui kuongea. Inaonekana ameshika maneno ya mtu anayemfokea sikioni tu, ya wengine hayamfikii.

Nijibu haya. Walizaliwa kabla ya siku zao? Kulwa alipata manjano kali, degedege, malaria ya kulazwa, au homa ya uti wa mgongo? Amewahi kutoka usaha sikioni? Na usiku analala mdomo wazi?

Kuhusu kusubiri. Ni kweli mapacha kwa wastani huchelewa kuliko watoto waliozaliwa peke yao. Lakini mtoto wa miaka miwili tunategemea awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunga mawili, "mama njoo", "maji isha". Huyu anakaribia mitatu. Aliyemwambia mama yake asubiri alitakiwa kwanza aulize masikio. Nimekaa kliniki miaka mingi, najua foleni inavyomfanya mtu ajibu upesi, ila hilo ni swali la kwanza, si la mwisho.

Na wewe Binti Makoroboi, tafadhali. Udata unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, unaweza kuharibu sauti chache ambazo ncha ya ulimi inatakiwa ipande juu. Haumfanyi mtoto akose maneno. Ulimi uliofungwa ungemtolea maneno mengi mabovu, si matano. Kimeo ndiyo usiniambie kabisa. Nimepokea watoto waliokatwa kimeo majumbani wakitoka damu isiyokatika.

Mvuvi wa Giza aliandika:

Nimempigia mke wangu. Walizaliwa mapema, wiki nne kabla ya siku. Kulwa ndiye aliyekuwa mdogo, alibaki hospitali siku kumi na moja, ila manjano hakupata na degedege hajawahi. Usaha hapana. Mafua ndiyo, hayaishi, yanakwenda yanarudi. Na analala mdomo wazi, anakoroma kama mzee. Sisi tulikuwa tunachekelea.

Lakini mama, akiitwa anageuka. Mlango ukibamizwa anashtuka. Kiziwi anashtuka?

Nesi Mstaafu aliandika:

Sikusema kiziwi. Watu wanadhani masikio ni kama taa, imewaka au imezimika. Kuna kusikia kama uliyezama kichwa majini. Wewe ni mtu wa ziwa, umeshapiga mbizi mtu akakuita kutoka mtumbwini. Unajua kuna mtu anaita, hujui anasema nini. Mafua yasiyoisha na mdomo wazi yananifanya niwaze maji yanayokusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Hayaumi, hayatoki nje, mtoto halii, na mzazi hana namna ya kuyaona. Mlango anausikia. "S" na "f" na mwisho wa neno havisikii. Lakini hilo atalisema atakayemtazama, si mimi kwenye simu.

Na huko kugeuka: anageuka ukimwita akiwa na Doto, au akiwa peke yake? Ukimwita pacha mmoja mbele ya mwenzake umepima macho, hujapima masikio. Doto akigeuza shingo na yeye anageuza.

Ukifika nyumbani fanya hivi. Doto aende dukani na bibi. Kulwa akae chini ana kitu cha kuchezea. Kaa nyuma yake hatua mbili, kivuli chako kisimwangukie. Mwite kwa sauti yako ya kila siku. Kisha kwa mnong'ono. Kisha pandisha. Si kipimo cha hospitali, na hata akigeuka mara zote bado nataka aende. Anzieni hospitali ya wilaya au Sekou Toure, mwombe barua ya rufaa ya kitengo cha masikio, pua na koo pale hospitali ya Bugando. Na wakati mnasubiri msimtie kitu sikioni. Si mafuta, si maziwa ya mama, si maji ya kitunguu.

Mwalimu wa Kitengo aliandika:

Ninafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi moja hapa Ilemela, nilisomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu. Sina la kuongeza kwenye masikio, mama nesi amemaliza. Naongeza la nyumbani, maana hata masikio yakizibuka kesho, mtoto huyu ana karibu miaka mitatu ya maneno yaliyompita, na hayatarudi yenyewe kama deni la dukani linavyolipwa siku ya mshahara.

La kwanza, yule jirani wa "acheni Kisukuma" mwambieni asante na mwendelee. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kuongea. Ukitaka kuhesabu maneno yake hesabu ya lugha zote mbili kwenye kapu moja, na neno ni neno hata kama amelikata mkia. "Mi" ambayo kila siku ni maji, hilo ni neno. Mngemnyang'anya Kisukuma mngemnyang'anya mwalimu pekee aliyemsikia.

La pili, ukiongea naye shuka chini, uso kwa uso, mwanga uwe usoni kwako, si nyuma yako. Mguse au mwite kwanza, akikuangalia ndipo useme. Redio izimwe. Sauti iwe kubwa kidogo, ila usipige makelele, kelele zinaharibu umbo la neno.

La tatu ndilo gumu na wazazi wengi wananishinda hapo. Nyamaza. Namwona baba ameshika kikombe juu, mtoto anaruka, baba anasema "sema maji, sema maji, husemi hupati." Hiyo ni mahakama. Mtoto hapo anajifunza kwamba maneno ni adhabu. Wewe shika kikombe, kaa chini, mwangalie, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kumi ni mbali sana, utaona. Wewe mvuvi lakini unajua kazi hii: unawasha taa, unakaa kimya, wanakusanyika. Hukokoti wavu dakika ya kwanza. Akisema "mi", au akinyoosha tu kidole, mpe maji saa hiyohiyo na useme "minzi. Minzi baridi." Umemwongezea neno moja juu ya lake, bila kumdai alirudie. Mke wako aseme "maji, maji baridi", kila mtu na lugha yake.

Na maswali yapungue. "Hii nini? Hii rangi gani?" Ni mtihani huo. Mwambie unachokiona: "Goko anakimbia. Goko kaingia ndani."

Doto msimgombeze. Hana kosa, amejitolea kazi ambayo hakuna aliyemlipa. Mwambieni "asante Doto, namsubiri Kulwa." Na kila mmoja apate robo saa yake na mtu mzima peke yake, hata kama ni kuchambua dagaa.

Kaka Pasiansi aliandika:

Mwalimu, hapo pa kumpa hata akinyoosha kidole tu, si utamlemaza? Ataongea ya nini kama kidole kinaleta maji?

Mama Pendo wa Nyegezi aliandika:

Naomba nimjibu kaka hapo juu, japo wa kwangu si kama Kulwa.

Pendo ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo. Mikono haimtii, ulimi haumtii. Mpaka alipofika miaka minne nilikuwa naongea kwa niaba yake kama Doto, na watu walikuwa wanamsifu kwamba ni mpole. Mtoto asiye na namna ya kukataa lazima aonekane mpole.

Mtaalamu mmoja wa mazoezi akanifundisha kutumia picha. Sikununua kitu. Nilikata kalenda za zamani, pakiti ya majani ya chai, pakiti ya biskuti, picha ya daladala, picha ya bibi yake niliyoisafisha pale mjini. Nikabandika kwenye ubao wa boksi, nne tu mwanzoni, moja kila pembe, mbalimbali, ili macho yake yakienda nijue yameenda wapi. Akiangalia picha nasema kwa sauti: "Uji." Akikubali anaangalia juu. Akikataa anafumba macho.

Siku moja aliangalia uji. Nikaleta uji, akafumba. Nikaurudisha, akaangalia tena uji. Nikaleta, akafumba, machozi sasa. Dada yangu akasema huyu anacheza na wewe. Nikaketi nikainamisha kichwa changu usawa wa kichwa chake, nifuate macho yalikokwenda hasa. Hakuwa anaangalia bakuli. Kwenye ile picha ya uji kuna kijiko pembeni. Nilikuwa nimeanza kumlisha kwa kijiko cha chuma kwa sababu kile chekundu cha plastiki kilikuwa kimepotea. Cha chuma kinamgonga meno, taya likikaza linakibana. Alikuwa ananiambia kijiko, si uji. Wiki nzima alikuwa ananiambia.

Sasa kaka, picha hazikumlemaza. Tangu apate ubao anajaribu sauti zaidi kuliko zamani, ana sauti yake moja ya "aaa" ya kuniita nikiwa jikoni ambayo hakuwa nayo. Mtu akishajua anasikilizwa ndipo anapata hamu ya kusema. Wa kwangu huenda asiseme neno kamwe, nimeshakubali, ila ananigombeza kwa macho vizuri tu.

Mwalimu wa Kitengo aliandika:

Sina cha kuongeza kwa Mama Pendo. Kaka Pasiansi, ndivyo ilivyo: ishara na picha hazizuii maneno, zinayabeba. Hata mtoto wako huyo wa miaka minne alinyoosha kidole kabla ya kusema.

Mvuvi wa Giza aliandika:

Nimefika Igoma juzi jioni. Jana asubuhi nimefanya alivyosema mama nesi.

Mama alimchukua Doto kwenda dukani. Kulwa nikamwacha sebuleni anapanga vifuniko vya soda, anavipanga mstari mmoja mrefu hadi kwenye mguu wa kochi. Nikakaa nyuma yake kwenye kigoda. Nikasema "Kulwa", sauti ninayoongelea na mke wangu. Hakuna. Nikasema tena. Akaweka kifuniko kingine. Nikanong'ona, nikajiona mjinga kuendelea. Nikapandisha kidogo, hakuna. Mwisho nikaita kama ninavyoita mtu aliye mtumbwi wa pili usiku. Akageuka, akacheka, akanyoosha mikono nimbebe. Alicheka kama mtu aliyefurahi kuona baba ameingia, na mimi nilikuwa nimekaa pale muda wote.

Nilitoka nje nikasimama kwenye banda la kuku.

Kinachoniuma ni hiki. Huku kambini tunapayuka siku nzima, injini, upepo, matusi. Nikirudi nyumbani nashusha sauti makusudi, nisiwe baba wa makelele. Naongea na wanangu taratibu. Kumbe upole wangu wote haukumfikia.

Barua nimeipata, tunapanda Bugando Alhamisi.

Nesi Mstaafu aliandika:

Pole mwanangu. Umefanya vizuri. Mvalishe kofia asubuhi, kule juu kuna upepo, na beba chakula, mtakaa.

Mvuvi wa Giza aliandika:

Wakuu, nimekaa kimya giza zima, mtandao kule ni wa kuvizia juu ya jiwe. Nimerudi tena mbalamwezi hii, naleta mrejesho.

Bugando tulishinda kutwa. Walimkalisha Kulwa kwenye kiti kidogo, wakampa vipande vya mbao na ndoo, wakamvalisha vya masikioni. Akisikia mlio atupe kipande ndani. Alielewa mchezo upesi kuliko mimi. Milio mikubwa alitupa, akawa anapiga makofi. Midogo ikapita, amekaa ameshika kipande chake mkononi anasubiri, na mimi nausoma uso wa yule dada wa mashine. Kisha kikaja kifaa chenye ncha laini ya mpira, kinasukuma hewa kidogo sikioni na mashine inachora mstari. Daktari alinichorea pembeni wa sikio zima, unapanda kama kilima na kushuka. Wa Kulwa ulikuwa bapa kama ziwa la alfajiri, kulia na kushoto. Maji nyuma ya ngoma, masikio yote mawili. Na kuna nyama zimekua nyuma ya pua, ndizo zinazomkoromesha.

Akasema maji haya mara nyingi hukauka yenyewe, turudi baada ya miezi mitatu apimwe tena. Yakiwa bado yapo, wataondoa zile nyama na kumwekea vijibomba vidogo kwenye ngoma za masikio ili hewa ipite. Hakuandika dawa yoyote zaidi ya ya pua. Mke wangu hakufurahi, alitaka tutoke na chupa mkononi. Nilimweleza njia nzima kwenye daladala, na nilimweleza kwa sauti, abiria wote wa Igoma sasa wanajua habari za ngoma ya sikio.

Mama yangu alipoambiwa kwamba ndiye peke yake aliyekuwa akisikika, alinyamaza kwanza. Halafu akatangaza, mtaa wa tatu wakasikia, kwamba sisi wote tunaongea kama wezi. Tumemwambia na yeye tumpeleke akapimwe. Amesema yaya.

Kuhusu yale ya mwalimu. Kuhesabu mpaka kumi kumenishinda mara nyingi. Nafika nne nampa. Mke wangu ndiye mwenye moyo, yeye anafika, nimemwona. Radio tumeizima mchana. Dada wa kazi ndiye aliyefurahi kuliko wote, maana haitwi tena kila mtoto akikataa ugali. Na Mama Pendo, lile la kijiko nilimsomea mke wangu tukanyamaza wote wawili. Tumebandika picha sita ukutani usawa wa macho ya Kulwa. Doto amezigeuza zake, anampitisha mwenzake kama mwalimu na fimbo, sijui kama inafaa.

Maneno sasa mke wangu kahesabu kumi na manne. Tisa ya Kisukuma, matano ya Kiswahili, mojawapo ni "taa". Masikio bado yana maji, hakuna kilichobadilika humo ndani. Tumesogea karibu tu na kupaza sauti.

Jana jioni nilikuwa uani nakaanga sato, watoto wamekaa kwenye mkeka. Kulwa akaniangalia. Doto, kama kawaida yake, akageuka akaniambia, "Kulwa anataka uji." Nikaacha mwiko, nikachuchumaa mbele ya Kulwa, nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Nilifika saba, samaki anaanza kuungua.

Kulwa akamgeukia Doto, akamwekea kiganja mdomoni.

"Yaya," akamwambia. Akaninyooshea kidole kikaangoni.